Uzi wa Fauzia na Ndege ya Wagonjwa

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo, Fauzia wa darasa la sita hujitwika beseni la mihogo iliyomenywa, akaenda kuianika kwenye uwanja wa ndege wa zamani, Nachingwea. Uwanja ule ni wa enzi za Waingereza na mradi wao wa karanga. Mradi ulikufa, wenyewe wakaondoka. Ukarabati tumeahidiwa kila uchaguzi, na hatujasahau hata ahadi moja. Ndege zikawa haba, kinamama wakatandaza mikeka ya makopa, ile mihogo ya kukaushwa.

Jumamosi hiyo, wakiwa uwanjani, simu ya mama yake ililia. Alikuwa Mjomba Mustafa, yuko hospitali ya hapa mjini na Saada, dada yake Fauzia, aliyejifungua juzi kule Ruangwa na tangu hapo akawa hoi.

"Saada kazidiwa," alisema. "Ndege ya wagonjwa imeruka Dar saa nne, inakuja kumchukua. Uwanja uwe mweupe."

Mama akawatangazia wenzake, lakini Bibi Sikudhani, mwenye mikeka mingi kuliko wote, hakuinuka. "Tulieni. Basi la Dar linatoka alfajiri, linaingia jioni. Ndege hata ikimbie vipi, tutaswali adhuhuri kwanza. Makopa yapate jua."

"Bibi, itafika kabla ya saa sita," Fauzia akasema.

"Nani kakwambia? Mwalimu wako Domitila? Kapanda ndege lini yule?"

Kinamama wakacheka.

"Hajapanda. Katufundisha kupima."

Wiki ile, darasani, Fauzia alikuwa amepima mara tatu njia ya ndege kutoka Dar hadi Nachingwea. Kwanza aliulaza uzi juu ya ramani akiifuata barabara, kona kwa kona. Mwalimu akamrudishia: "Ndege haisimami Somanga kula samaki kama basi. Rudia." Mara ya pili uzi ukalegea. Akarudia tena, akauvuta mpaka ukanyooka, kisha akaulinganisha na kipimio cha ramani.

"Njia ya juu imenyooka, bibi. Ni kama kilomita mia nne. Ndege ndogo huenda mia mbili na hamsini kwa saa. Hiyo ni saa moja na nusu na kidogo. Na sasa inakaribia saa tano."

"Haya, mtaalamu. Subiri uone."

Fauzia hakusubiri. Aliuburuta mkeka wa mama yake hadi majanini, akarudi kushika wa jirani, machozi yakimtoka. Mama akamfuata. Kinamama wakainuka mmoja mmoja, ikabaki mikeka ya Bibi Sikudhani katikati ya uwanja. Fauzia akainamia wa kwanza.

"Peke yako utayamwaga makopa," bibi akasema, akashika ncha ya pili.

Mkeka wa mwisho ndio kwanza ulikuwa umetoka, muungurumo ukasikika kaskazini. Saa sita ilikuwa bado. Ndege ikatua, Saada akaletwa na gari la hospitali, akapakiwa, ikaruka.

Jioni mjomba alipiga tena: Saada katibiwa, anaongea, anamuulizia mwanawe.

Bibi Sikudhani akamwita Fauzia mbele ya wote. "Mimi nilikisia kwa mazoea. Huyu alipima, akakosea, akarudia bila kununa, na dada yake yu hai. Nanyi watoto, mwalimu akisema rudia, rudieni." Kisha akashusha sauti. "Jumatatu niombee huo uzi na ramani, mjukuu wangu. Nataka kujua Makka ni mbali kiasi gani."