Hamira Apimwa Utumbo Akiwa Macho

Kila trei ya mikate ikitoka kwenye tanuri, Hamira huonja kipande. Ndiyo kazi yake. Jana zilitoka trei kumi na mbili za mikate ya ufuta. Leo yuko hospitali na mkewe, na muuguzi amekataa kumpeleka chumba cha kipimo cha utumbo mpana. Alikunywa dawa ya kusafisha tumbo, lakini choo chake bado ni kizito na kina mbegu.

"Umekula nini?" mkewe aliuliza.

"Sijala. Nimeonja."

"Trei kumi na mbili. Hiyo ni kuonja au ni karamu?"

Mwaka jana kaka yake Hamira alikufa kwa saratani ya utumbo mpana. Alitoka damu chooni miezi minane, akasema ni bawasiri tu, akaficha.

"Shemeji nilimzika kwa sababu ya haya zake," mkewe alisema. "Wewe sikuziki kwa sababu ya ufuta."

Kisha akamgeukia muuguzi. Karatasi yao ya maelekezo iliandikwa "usile" basi. Kwa nini hawakumuuliza mtu anafanya kazi gani?

Muuguzi alikubali kosa. Akaketi, akaeleza upya. Siku tatu kabla ya kipimo, asile mbegu wala karanga. Siku ya mwisho ni vinywaji visivyo na maziwa, vinavyopitisha mwanga. Dawa ainywe yote, mpaka choo kiwe maji ya njano. Na kuonja ni kula.

Hamira alisema hataki dawa ya usingizi. Ukiipata, huruhusiwi kusimama kwenye tanuri siku hiyo, na lazima mtu akupeleke nyumbani.

"Wengi hupimwa wakiwa macho," muuguzi alisema. "Tumbo litajaa hewa, litanyonga kwenye kona za utumbo. Ukishindwa, sema. Tutasimama, au tutakupa dawa. Hakuna tuzo ya kuvumilia."

Wiki mbili baadaye alirudi. Safari hii mkewe alikuwa amemwombea ruhusa kazini, naye Hamira akakaa nyumbani siku tatu, mbali na trei.

Alilala ubavu wa kushoto. Daktari aliingiza mpira mwembamba wenye kamera kupitia njia ya haja kubwa. Kwenye kona ya kwanza tumbo lilimnyonga, akasema simama. Daktari akasimama, akapunguza hewa, wakaendelea. Kwenye skrini Hamira aliona utumbo wake, mwekundu kwa mbali, na kinyama kidogo kama harage. Daktari alikikata kwa waya. Hamira hakuhisi kitu. Baada ya nusu saa alivaa suruali, akatoka kwa miguu yake.

Majibu yalikuja. Haikuwa saratani, ila vinyama vya aina hiyo vikiachwa miaka mingi huweza kugeuka saratani. Alipewa tarehe ya kurudi. Ndugu zake nao wapimwe, daktari alisema.

Hamira alimpigia simu dada yake. Dada alicheka. Akavue nguo mbele ya watu, na yeye haumwi?

Hamira alisimama.

"Hata mimi nilikuwa siumwi. Kinyama kilikuwamo. Tumebaki wawili, dada, na mimi sichimbi kaburi jingine kwa ajili ya haya. Jumatatu saa mbili asubuhi niko mlangoni kwako, tunakwenda hospitali. Ukijificha, nitamtuma wifi yako."

Dada akauliza, kwa sauti ndogo, dawa ya kusafisha tumbo inanywewa lini.