Simu Iliyoingia Chupa Zikiwa Chini

Walikutana kwa kugongana, gatini, asubuhi ya kupakia, watu wakipigiana kelele na winchi ikinguruma. Msichana alikuwa amekumbatia kreti la chupa tupu za kuchotea maji ya bahari, hata mbele haoni. Kijana mmoja mrefu mwenye ovaroli la rangi ya chungwa akaja kinyumenyume, wakapigana kikumbo.

"Pole, dada! Ukizivunja hizo, bahari tutaipima kwa vikombe vya chai?"

"Na wewe ukitembea kama watu wengine utapungukiwa na nini?"

Kijana alicheka. Wenzake walimwita Chumvi, kwa kuwa kazi yake katika safari ile ya wanafunzi wa sayansi ya bahari ilikuwa kupima chumvi ya maji. Yeye akambatiza msichana Bi Chupa, na kabla nchi kavu haijapotea machoni, meli nzima ilikuwa inamwita hivyo.

Mapenzi ya melini hayana pa kujificha. Walipendana wakiosha sahani, wakigombea blanketi moja sitahani, wakikutana kwenye korido nyembamba ambayo lazima mmoja abane tumbo ili mwingine apite, nao hawakuwa na haraka ya kupita.

"Tukirudi nakupeleka kwa mama," Bi Chupa alisema. "Anaumwa, lakini kwa kuhoji watu hajambo."

"Anihoji tu, mpenzi. Nitamjibu yote."

Ikafika siku ya kituo cha kuchotea maji chenye kina kirefu kuliko vyote, ambacho utafiti wa Bi Chupa ulikitegemea. Alikaa mbele ya skrini akiongoza kebo iliyoshusha chupa zake hadi karibu na sakafu ya bahari. Sheria ya melini ni moja: chupa zikiwa chini, anayeziongoza habanduki. Akibanduka, kebo inavutwa juu, meli inaondoka, na kituo ndiyo basi tena.

Chumvi alikuwa kwenye zamu ya simu ya setilaiti. Baadaye alimletea chai, akambusu utosini, akatoka kimya. Bi Chupa alidhani amechoka tu.

Chupa zilipanda zimejaa. Bado alikuwa anacheka, mikono imelowa, alipoitwa kwenye simu.

"Mama ametutoka, mdogo wangu," kaka yake alisema.

"Kaka, lini?"

"Sasa hivi. Kwani hukuambiwa nilipiga? Alikuwa anakuulizia, anataka kukusikia. Kijana akasema uko kazini."

Alimkuta Chumvi maabara.

"Ulipokea simu ya kaka?"

"Nilipokea."

"Ukaniletea chai!"

"Mpenzi, hakusema mama kazidiwa. Alisema anakuulizia tu. Nikaona ukiondoka, kazi yako yote imeharibika. Nilikuonea huruma."

"Ungeniuliza! Ningekiacha hicho kituo mbio, wala nisingekikumbuka!"

Siku zilizobaki alipima maji yake huku analia. Chumvi alimwekea chakula mlangoni, akakikuta vilevile. Uchungu ulimla kweli kijana yule, na Bi Chupa aliuona.

Siku ya kutia nanga Chumvi alivaa shati jeupe lililopigwa pasi.

"Nilikuwa nije kukuposa," alisema.

"Najua."

"Nisamehe, mpenzi wangu."

"Nimekusamehe. Tena nakupenda, sikufichi."

Uso wa kijana ukachangamka. "Basi twende wote kwa kaka yako. Nikamwombe radhi."

"Kaka amenieleza. Ile siku alifungua spika, akaiweka simu karibu na mama. Akamwambia, haya, mwanao huyu hapa. Alichosikia mama ni wewe ukisema apige baadaye. Sasa kila ukiniita mpenzi, naisikia sauti ile ile aliyoisikia mama. Nitaishije nayo nyumbani, Chumvi?"

Bi Chupa alimshika shavu, akachukua begi lake, akashuka ngazi kwenda kwa kaka yake. Hakugeuka nyuma, maana angegeuka angerudi.