Fomu ya Bibi Bok-sun

Kila Alhamisi alasiri, dada yangu Na-rae alipanda ngazi za mtaa wa juu, hapa Gunsan, Korea Kusini, kwenda kwa Bibi Bok-sun. Alikuwa mwaka wa pili chuoni. Fani yake kuu ilikuwa kompyuta. Fani ndogo, elimu ya uzee. Wenzake walimtania, "Unasomea kuhesabu mikunjo?" Ukweli ni kwamba aliichagua aliposikia mitihani yake ni michache.

Kazi yenyewe ilikuwa kumtembelea mzee mmoja muhula mzima na kujaza fomu: amekula nini, amelalaje, anatembeaje. Nakala moja ilikwenda kwa Profesa Kwak, nyingine kwa ofisa wa ustawi wa wazee.

Alhamisi moja ya Novemba mvua ilinyesha kutwa, na kesho yake Na-rae alikuwa na mtihani wa kompyuta. Alikaa sakafuni, fomu mbele yake.

"Dada, huendi kwa Bibi?" nilimuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili, na mdomo wangu haukuwa na breki.

"Wiki iliyopita alikuwa mzima, Sol. Na leo ni mzima vilevile."

"Basi andika amekula wali na kabichi ya kimchi, bakuli mbili," nikasema nikicheka. "Wazee wana jipya gani?"

Akaandika. Hata saa za kulala nilimchagulia mimi.

Alhamisi iliyofuata nilimsindikiza. Tulibisha hodi muda mrefu. Bibi alipofungua, alikuwa ameshika ukuta, mashavu yamebonyea.

"Bibi, unaumwa?" Na-rae akashtuka.

"Aa, mjukuu wangu, ni meno tu." Meno yake ya bandia yalikuwa kwenye kikombe, yamekatika vipande viwili. "Yaliniponyoka siku moja kabla ya ile Alhamisi ya mvua. Nikasema, kesho Na-rae akija atanishika mkono twende kwa daktari. Ngazi hizi zina utelezi."

"Na ofisa hakuja?"

"Alipiga simu. Akasema fomu inaonyesha ninakula vizuri, kwa hiyo ataanza na wenye shida. Nikaona haya kumbishia."

Jikoni palikuwa na sufuria ya uji mwepesi wa mchele. Huo ndio aliokuwa akinywa siku zote hizo. Nilitamani sakafu inimeze.

Na-rae akatoa simu palepale, mbele ya Bibi. Akampigia Profesa Kwak. "Profesa, fomu ya wiki iliyopita ni ya uongo. Sikwenda."

"Na majibu nilimtungia mimi!" nikapaza sauti ili isikike. "Mimi ndiye niliyesema bakuli mbili!"

Bibi akaangua kicheko. "Kumbe nilikula bakuli mbili bila kujijua!" Sisi hatukuweza kucheka.

Profesa Kwak, mama mfupi mwenye miwani, alifika na teksi, akatupeleka sote kwa daktari wa meno. Bibi alipoingia ndani, Profesa akatugeukia.

"Fomu ile nimeipa sifuri, na ofisa nitamweleza ukweli," alisema. "Na-rae, uliandika uongo ili umalize kazi. Lakini yupo aliyeusoma akauamini, na Bibi akashinda na njaa. Kijana akikosa kutembelewa wiki moja, hana neno. Kwa mzee, wiki moja inaweza kubadilisha kila kitu. Ndiyo maana hatumwandikii mtu maisha yake. Tunakwenda, tunamuuliza, tunamsikiliza. Nawe Sol, anayemtungia mwenzake uongo naye ameusema."

Bibi alitoka ndani, meno yake yakiwa yameungwa. Na-rae alimshika mkono mmoja, mimi mwingine, tukampandisha ngazi zote, tukipumzika kila alipotaka.