Nilibadilisha Kompyuta ya Enesi kwa Pedi Mbili

Nina umri wa miaka thelathini na tisa, nina mke na watoto wawili, na hapa Tunduma nikipita mtaani watu wananipungia mkono. Ndugu wasomaji, hawanijui! Wangenijua wasingenipungia. Nimelibeba jambo hili kwa miaka mingi na sasa nimechoka nalo. Naomba mnisome mpaka mwisho, halafu mnihukumu mtakavyo.

Mimi ni mzaliwa wa Ihanda, kule Mbozi, kwenye kahawa. Kwetu tulizaliwa wawili tu, mimi na mdogo wangu Enesi, niliyempita miaka mitano. Msimu wa mavuno, tukitoka shule, kazi yetu ilikuwa kumenya kahawa kwa ile mashine ya mkono. Mmoja anamwaga kahawa mbivu juu, mwingine anazungusha mpini. Baba alituwekea sheria moja tu. Anayemwaga akisema "ngoja", anayezungusha anasimama hapo hapo.

Siku moja nilikuwa na haraka. Wenzangu walikuwa wananisubiri uwanjani tucheze mpira, na Enesi, mtoto wa miaka tisa, alikuwa anamwaga taratibu kama anayepanga mayai. Kahawa ikakwama. Akaingiza mkono kuisukuma, akasema, "Kaka, ngoja!"

Nilimsikia. Wasomaji wenzangu, nilimsikia vizuri kabisa... nikazungusha.

Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kushoto. Akabaki na dole gumba na kile kidogo cha mwisho.

Baba alipokuja mbio kutoka shambani nilimwambia kwamba nilikuwa nimeenda kuchota maji, na Enesi alizungusha mwenyewe kwa utundu wake. Enesi alikuwa pale pale, mkono umeviringishwa kanga ya mama. Akaniangalia. Hakusema kitu! Tangu siku hiyo kila mgeni akija nyumbani baba anamwambia, "Huyu binti yangu utundu ndio ulimponza." Na mimi nimekaa pembeni nakula ugali wangu.

Miaka ikapita. Nikahamia Tunduma kutafuta maisha, enzi zile za simu za tochi. Nilifungua banda la gemu karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Zambia. Nilikuwa na TV moja ya chogo, mashine moja ya gemu niliyoinunua Nakonde, ng'ambo ya mpaka, na pedi mbili za kuchezea. Sheria ya banda ilikuwa rahisi: anayefungwa anaachia pedi, anayefuata anakaa. Madereva walikaa foleni siku tatu, siku nne, hawana la kufanya. Benchi halikuwa na nafasi! Mimi mwenyewe nilikuwa sifungwi ovyo, na wakaniita Kocha. Nilivimba kichwa, sikatai.

Enesi alipomaliza kidato cha nne alikuja kuishi nasi, mimi na mke wangu. Siku ya kwanza bandani aliomba naye acheze. Nikampa pedi. Ile pedi inataka mikono miwili iliyokamilika, ya kushoto ikimbize mchezaji, ya kulia ipige pasi na mashuti. Ikamteleza. Akaiokota, ikamteleza tena. Vijana wakacheka... na mimi kaka yake nikacheka nao! Nani alipaswa kucheka pale? Mimi niliyezungusha mpini?

Akairudisha pedi mezani, akachukua ufagio, akafagia banda.

Baadaye akapata kibarua cha usafi kwa Mzee Kassimu, wakala wa mizigo aliyetoka Tanga na kuhamia mpakani zamani. Mzee yule alikuwa mtu wa swala tano na mwenye huruma. Alimwona Enesi akitazama kompyuta za ofisi, akamfundisha kuchapa. Miezi mingi Enesi alifanya kazi bila kuchukua ujira wote, na Mzee Kassimu alipofunga ofisi ili arudi kwao, alimwachia kompyuta moja iwe yake. Narudia, ndugu zangu: ilikuwa yake. Aliitolea jasho.

Akaiweka kwenye kona ya banda langu. Ndani yake mlikuwa na gemu ya mpira. Na hapo ndipo maajabu yalipoanza, maana kompyuta ina kitu ambacho mashine yangu haikuwa nacho. Unaweza kuhamisha vitufe! Enesi alikaa nayo mchana kutwa akijaribu. Vitufe vya kukimbia akaviweka kwenye mkono wa kulia. Pasi akaiweka chini ya dole gumba la kushoto, shuti chini ya kile kidole kidogo. Vidole viwili tu, kila kimoja na kazi yake.

Ubishi ukazuka bandani. Ipi bora, gemu ya TV au ya kompyuta? Mimi nilisimamia TV. Unachomeka, unacheza, haina virusi, haina kuganda, watu wawili bega kwa bega na benchi zima linapiga kelele. Wengine wakasema kompyuta ina picha safi. Enesi alisikiliza, kisha akasema kwa upole wake ule, "Kaka, pedi imetengenezwa kwa mtu mwenye vidole kumi. Kompyuta inaniuliza mimi nina vingapi."

Nikajifanya sijasikia.

Tukachomeka kibodi ya pili ili apate wapinzani. Aliwafunga wote! Wakaanza kujipanga kwenye kona yake, na TV yangu ikawa inacheza na wawili watatu. Siku moja wakanisukuma nami nikae naye. Alinifunga manne bila majibu mbele ya banda lililojaa. Dereva mmoja wa Zambia, Bwalya, mteja wetu wa siku zote, alishika kichwa akapiga kelele, "Awe mukwai! Hapana bwana! Kocha amefundishwa na mwanafunzi!" Tangu siku ile wakaniita Shemeji wa Banda, kwa maana kwamba mwenye banda sasa ni Enesi, kama aliyefunga nalo ndoa, na mimi nimebaki shemeji tu.

Ulikuwa utani tu. Lakini mimi uliniingia kifuani ukakaa. Badala ya kufurahi kwamba mdogo wangu amepata kitu cha kumpa raha, tena baada ya niliyomfanyia... nilimwonea wivu! Mwanaume mzima!

Basi Mzee Kassimu kabla hajaondoka alikuwa amemwombea Enesi nafasi kwa rafiki yake aliyekuwa anafungua ofisi ya mizigo hapa hapa mpakani. Yule rafiki alitaka mtu wa kuchapa hati anayekuja na kompyuta yake. Enesi akakubaliwa. Alisema ataenda kwanza Ihanda wiki moja kumsaidia mama kuchuma kahawa, akirudi anaanza kazi. Jioni ya mwisho alifunga banda yeye mwenyewe, asubuhi akapanda gari akaenda zake.

Siku ya tatu akaja mfanyabiashara mmoja kutoka Nakonde. Alikuwa na mashine ya gemu mpya, picha zake zinang'aa, na pedi mbili zisizo na waya. Mpakani kwetu kubadilishana vitu ni jambo la kila siku, kitenge kwa mchele, redio kwa baiskeli. Akaiona ile kompyuta. Akauliza kama naweza kubadilisha.

Ningesema si yangu. Maneno mawili tu... yalinishinda nini? Nikambebea mwenyewe mpaka upande wa pili.

Enesi aliporudi akakuta kona tupu. Nikamwambia wezi waliingia usiku wa kuamkia siku aliyoondoka. Akauliza waliingiaje. Na hapa, wasomaji wangu, nisomeni vizuri. Nilimwambia, "Kufuli halikubana. Labda ule mkono wako haukukaza vizuri."

Alitazama vidole vyake viwili. Kisha akaniangalia vile vile alivyoniangalia siku ya mashine ya kahawa, akasema, "Sawa, kaka."

Ile kazi alipewa msichana mwingine mwenye kompyuta. Enesi akarudi Ihanda, na nilisikia kwamba baba alimpokea kwa kusema, "Umeanza tena utundu wako?"

Mashine yangu mpya ilijaza banda wiki mbili hivi. Halafu watu wakaanza kuuliza, Enesi yuko wapi? Nikicheza nashinda, lakini hakuna anayeshangilia.

Haikupita miezi miwili, Enesi akaja. Mama alimtuma aniletee maharage mapya. Ndiyo, mimi! Alikuwa amesimama mlangoni na kiroba mkononi wakati Bwalya naye anaingia, amefurahi kumwona. Akasema kwa sauti mbele ya watu wote, "Dada, kumbe uliuza kompyuta yako? Nimeicheza Nakonde kwa yule jamaa wa mashine za gemu. Nikashindwa kabisa! Vitufe bado vimepangwa kwa vidole vyako, na jina lako liko pale pale. Anasema Kocha ndiye aliyemletea."

 Waliokuwa wanacheza waliachia pedi bila kufungwa.

Nilitafuta uongo wa tatu. 

Enesi akaweka kiroba chini taratibu. Hakupiga kelele. Akasema, "Kaka, siku ile ya mashine nilinyamaza kwa sababu baba angekuumiza. Leo ninyamaze kwa sababu gani?"

Hakusubiri jibu. Akatoka.

Nilikimbia Nakonde siku hiyo hiyo kuikomboa. Yule bwana alikuwa ameshaiuza asubuhi, hajui mnunuzi ameelekea wapi. Kilichobaki ni kibodi ya Enesi, imetupwa ndani ya boksi kwa sababu mnunuzi alitaka mpya. Vitufe vya mishale vimefutika alama zake, na vitufe viwili vya kushoto navyo vimefutika. Hiyo ninayo mpaka leo.

Enesi hakurudi Ihanda. Alienda Isongole, karibu na Malawi, akaanza biashara ndogo ya vitenge. Nilimpigia simu, hakupokea. Banda nilikuja kulifunga. Nani angecheka na mimi tena?

Kilichonishinda kabisa ni kumwambia baba. Miaka minne nilikuwa naenda Ihanda, nakaa, nakula, narudi na siri yangu. Mpaka siku moja alipomwambia mjukuu wake, binti yangu Neema, "Usiwe mtundu kama shangazi yako." Neema alikuwa na miaka saba.  Nikapiga magoti mbele ya mzee na kusema yote, mpini, maji, kufuli, kompyuta. Nilitegemea fimbo. Baba alinyoosha mkono akachukua mkongojo wake, akasema, "Nipeleke kwa mwanangu."

Nikampeleka Isongole. Enesi alipomwona alipiga magoti kumsalimia kama ilivyo desturi yetu. Baba, mzee anayetembea kwa mkongojo, naye akajishusha chini mpaka wakawa sawa. Akaushika ule mkono wa kushoto kwa mikono yake miwili. "Nimekuita mtundu maisha yako yote," alisema. "Nisamehe, mama yangu." Wakalia wote wawili pale chini. Baba yangu aliomba msamaha kwa kosa langu! Mimi nilisimama mlangoni na kibodi chini ya kwapa, sina pa kuiweka.

Nilimwomba naye anisamehe. Alinipa maji ya kunywa, akanikaribisha kiti, akasema amenisamehe. Kibodi hakuichukua. Alisema kwa sasa ana kompyuta nyingine, anawachapia watu barua, nayo ameshaipanga kwa vidole vyake.

Ndugu zangu, vijana bado wanabishana ipi bora, gemu ya TV au ya kompyuta. Mimi sina jibu. Ninachowaomba ni hiki tu. Ukimuumiza mtu, sema siku hiyo hiyo, hata kama utachapwa. Na anayekufichia siri bila kukusema, usidhani hajui. Mimi nilidhani ukimya wa Enesi ni wangu kuutumia ninavyotaka, nikautumia mpaka ukaisha.

Siku hizi simu yangu anapokea. Anauliza hali ya mke wangu, anauliza watoto, anaongea vizuri kabisa. Lakini tangu siku ile bandani hajaniita kaka.

"Habari za huko, Baba Neema?" ndivyo anavyonisalimia. Nami naitikia nzuri.