Aliyewekwa Kusikiliza

Maji ya beseni ndiyo yaliyoanza. Ilikuwa saa kumi alasiri, dirisha wazi, na mke alikuwa amemkalisha mtoto ndani ya beseni amwogeshe. Mtoto, ambaye kwa kawaida kuogeshwa kwake huwa ni vita, siku hiyo alikuwa ametulia anatafuna kisahani cha sabuni. Hakuna aliyegusa kitu. Uso wa maji ukatetemeka, ukachora duara, ukatulia. Punde ukatetemeka tena.

"Baba nanii," mke akaita, "hao wa juu wanatwanga nini?"

Mume akaja mpaka mlango wa bafu. Wao ndio waliokaa ghorofa ya mwisho, na juu yao palikuwa na bati na njiwa tu. Akasikiliza. Du. Kimya. Akajikuta anahesabu bila kutaka, na alipofika kumi, ukutani kukalia tena: du. Hesabu hiyo aliijua.

Alikuwa na siku nne tu tangu arudi kutoka baharini. Wiki sita alikuwa katika meli inayotafuta mafuta chini ya bahari. Meli ile hukokota mizinga ya hewa nyuma yake, nayo hulipuka ndani ya maji kila baada ya sekunde kumi, mchana na usiku, ili mwangwi uwaonyeshe wataalamu kilichojificha chini ya mwamba. Mshindo huo huharibu masikio ya viumbe vya majini, kwa hiyo sheria inataka awepo mtu wa kusikiliza. Huyo huvaa hedifoni zilizounganishwa na maikrofoni iliyozamishwa, na kabla ya mshindo wa kwanza husikiliza nusu saa nzima. Akisikia nyangumi, kazi inasimama. Mtu huyo alikuwa yeye, na mabaharia walimwita Masikio.

Mama mkwe, aliyekuja kusaidia kulea mjukuu, aliipenda kazi hiyo kuliko mwenyewe aliyeifanya. Kila aliyepanda ngazi za jengo lile aliambiwa, atake asitake. "Wenzake wamekwenda kuharibu bahari," alikuwa akisema, "mkwe wangu amekwenda kuilinda." Masikio alikuwa akiinama tu na kuvaa viatu.

Mdundo ule haukuondoka. Ulihama kutoka ukuta wa bafu ukaja wa jikoni, kisha wa chumba cha kulala, na kila ulipokaa plasta ilitoa jasho la chumvi. Harufu nayo ikaingia. Haikuwa ile ya ufukweni ambayo watu huivuta wakasema ah. Ilikuwa ya tope la chini kabisa ambalo halijawahi kuona jua, imechanganyika na mafuta machafu. Mke alisugua sakafu mpaka vidole vikachubuka.

Lakini hayo wangeyavumilia. Kilichowakata maini ni mtoto. Walimwita Bibie, kwa jinsi alivyopenda kutumikiwa, na hakuwa amefika mwaka. Mwanzoni kila mdundo ulipolia alikuwa akipepesa macho. Kisha akaacha. Zamani ufunguo wa baba ukiingia tu mlangoni, yeye huyo anatambaa mbio. Sasa mpaka aitwe mara tatu. Daktari alimulika masikio yake, akaona ni mazima, akampima kwa mashine, akasema anasikia nusu. Baada ya siku tano akampima tena, na ile nusu ilikuwa imepungua.

"Nyumba hii inamla mwanangu," mke alinong'ona usoni pa mumewe, kana kwamba ukuta ungemsikia. "Fanya kitu. Tafadhali."

Mama mkwe ndiye aliyemleta mganga. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani na mkoba wa kwapani, na jambo la kwanza aliloagiza ni friji izimwe, kwa sababu hawezi kufanya kazi na kitu kinachonguruma. Akakaa sakafuni mchana ule kweupe. Akawaambia wamweke mtoto mkekani, mama yake akae nyuma yake, na wote wanyamaze. Kisha akauambia ukuta, kwa upole kama mtu anayemkaribisha mgeni mwenye haya, "Uliyemo, njoo useme."

Mdundo ukaja karibu, ukatoka ukutani ukaingia sakafuni, ukapita chini ya mkeka wakausikia kwenye mifupa ya miguu yao, na ile harufu ya tope ikapanda mpaka macho yakawatoka machozi, na mke, aliyekuwa amekaa wima mikono mapajani, akaanza kuyumba taratibu kama kitu kinachobembea ndani ya maji mengi, shingo ikalegea, nywele zikamlowa zenyewe, na alipofumbua macho Masikio aliona kwamba aliyekuwa akimtazama humo hakuwa mkewe.

"U nani?" mganga akauliza.

"Mimi ni mama." Sauti ilikuwa nzito na ya mbali, haikuwa na hasira hata kidogo.

"Mama wa nani?"

"Tulikuwa tukisafiri na nyangumi, mimi na mwanangu. Kule chini hakuna mwanga. Mtoto humjua mama yake kwa sauti. Ulipokuja mshindo, masikio yake yakapasuka. Sasa namwita, anapita mbele yangu, haitiki. Anadhani nimemwacha."

Mganga alikuwa amezoea majini ya kudai manukato na vitambaa. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena. "Na huku kugonga?"

"Sigongi. Mshindo wao umeniingia na hautoki. Nikaapo, unalia."

"Mtoto wa watu amekosa nini?"

"Hajakosa. Mshindo uliomo ndani yangu unamuumiza, kama ulivyomuumiza wangu. Nitaondoka, na masikio yake nitayaacha yalivyokuwa. Nataka neno moja." Macho yale yakamgeukia Masikio. "Huyu aliwekwa kusikiliza. Katika viumbe vyote, yeye peke yake alitusikia. Aseme tulikuwepo."

Kweli aliwasikia. Asubuhi ile melini, zikiwa zimebaki dakika kumi nusu saa iishe, sauti moja kubwa iliita, na ndogo ikajibu, nyembamba, ya kitoto, akatabasamu mwenyewe akamkumbuka Bibie. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yake na kikombe cha kahawa. "Upepo umetupotezea siku mbili za kazi, Masikio. Umesikia kitu au hujasikia?" Akavua hedifoni. Akasema hakuna kitu, akaandika hivyo hivyo.

Sasa mama mkwe alikuwa akimkodolea macho, yule aliyemsifu ngazi nzima. Neno lilikuwa fupi. Aliona aibu, mtu mzima, baba wa mtu, na ulimi ukaenda njia uliyoizoea.

"Sikusikia kitu."

"Mwanangu," mama mkwe akasema polepole, "hebu fikiri vizuri."

"Sikusikia kitu, mama. Hata kwenye ripoti nimeandika."

Machozi yakamtiririka mke mashavuni, mengi, yakalowesha gauni mpaka magotini.

"Basi," ile sauti ikasema. "Hakuna cha kusikia."

Kichwa cha mke kikaanguka mbele, kisha kikainuka, akauliza mbona wanamtazama hivyo. Ukuta ulikuwa kimya. Wakahesabu kumi, wakahesabu ishirini. Harufu ilikuwa imekwenda. Mama mkwe akalia kwa furaha akimshukuru mganga, lakini mganga alikuwa akifunga mkoba wake haraka haraka. "Mimi sikumtoa," alisema bila kumwangalia mtu. "Ameondoka mwenyewe."

Mke alikuwa bado yuko nyuma ya mtoto. "Bibie," akaita. "Bibie, mama huyu hapa."

Bibie alikuwa akivuta uzi wa mkeka. Mke akaita tena. Akapiga makofi. Akaita kwa sauti ambayo hakuna mama anayepaswa kuitumia kumwita mtoto aliye hatua moja mbele yake. Mwisho akazunguka akapiga magoti mbele yake, na mtoto alipomwona uso ukamkunjuka, akamrukia na kumng'ang'ania shingoni, kama mtu aliyekuwa ameachwa peke yake muda mrefu.

Masikio akajikokota kwa magoti mpaka walipo.

"Nilisikia," alisema. "Walikuwa wawili. Mkubwa aliita, mdogo akaitika. Nilisikia, Bibie, niliwasikia." Akarudia, akapaza sauti, akapiga kelele. Mama mkwe alisikia. Mke alisikia, akamwacha mtoto mikononi mwa mumewe akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Majirani wa chini walisikia.

Mtoto alikuwa akitazama midomo ya baba yake inavyocheza. Ikamfurahisha. Akanyoosha mkono, akaishika.