Barafu ya Dawa ya Kuku

Kila asubuhi kabla ya kuvaa sare, Edinah alifungua banda la kuku, akafagia kinyesi na kuwamwagia mtama. Hiyo ilikuwa kazi yake na hakuichukia. Nyumba yao iko ndani kidogo kutoka Nambale, kwenye mashamba ya mihogo. Mama yake, Roselida, hakuchoka kumwambia, "Kuku hawa ndio vitabu vyako na viatu vyako. Wachunge."

Jumamosi moja majirani walikuwa wakingoja chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaopindisha kuku shingo na kumaliza boma zima. Kichupa kimoja cha chanjo hutosha kuku mia, kwa hivyo watu hununua pamoja. Dawa ikifika, kila mmoja huja na kuku wake kwapani. Mama Edinah ndiye aliyefundishwa kudondosha tone kwenye jicho. Edinah alitumwa Nambale kuileta.

Dada Akiteng, mwenye duka la dawa za mifugo, alitia kichupa ndani ya thamosi na kukizungushia barafu. "Usisimame njiani, umesikia? Barafu ikiisha, dawa imekufa. Hata ukiitazama hutajua. Ikiyeyuka, rudi uniambie."

"Sawa, dada."

Jua lilikuwa kali. Karibu na soko, Winny, rafiki yake wa darasani, alikuwa akimsaidia shangazi yake kuuza juisi. Mbele yao lori lilikuwa likiteremsha kreti za broila weupe kutoka Uganda.

"Edinah, kuja uone! Wamekaa kama wazee kwa baraza!" Winny alicheka. "Lakini juisi yetu leo ni moto kama uji. Kwani umebeba nini?"

"Dawa ya kuku. Iko na barafu."

"Barafu? Si utupatie kidogo! Kuku wenu watajuaje?"

Edinah alisita, kisha akatoa kipande kimoja. Baadaye kingine. Walikunywa wakitazama kreti hadi lori likaondoka. Alipofungua thamosi tena, kichupa kilikuwa kikielea kwenye maji ya vuguvugu. Duka la dada Akiteng lilikuwa pale pale, hatua chache tu. Lakini angeulizwa. Akaenda nyumbani.

Mama alitikisa thamosi. "Mbona nasikia maji?"

"Imeyeyuka sasa hivi tu, mama. Hapo kwa mto."

Mama alimwamini. Nani hamwamini mtoto wake?

Majirani walijaa uani. "Huyu wangu anapiga nduru kuliko mtoto wa kliniki!" alisema Mzee Mathew, na watu wakacheka. Kukhu, nyanya yake Edinah, alileta tembe wake asiye na mkia, aliyekuwa ameanza kuatamia mayai. Tone likaingia kila jicho. Edinah ndiye aliyeshika kuku.

Baada ya wiki moja hivi habari zikaja: ng'ambo ya kijito kuku wanapinda shingo na kuanguka. Mama hakujali. "Wetu wamechanjwa. Wacha watembee."

Jioni hiyo Edinah alishindwa kula. Kukhu alikuwa kando ya mama, akichambua maharagwe. "Nilipoolewa hapa," alisema, "kila boma lilijaa kuku. Wachuuzi walikuja na baiskeli na matenga, wakabeba wa kwetu hadi Busia na Malaba. Madereva wa malori walikula kuku wa Nambale! Kisha kideri kikawa kinafagia kila kiangazi. Wachuuzi wakachoka kurudi mikono mitupu. Sasa nyama ya kuku mjini inavuka mpaka kwa kreti, na wa kwetu wamebaki wa wageni na matanga. Ndiyo kwanza hoteli moja ya Malaba imekubali kuchukua wetu tena kila wiki. Wakifa hawa, mjukuu wangu, hatutaitwa tena."

Edinah aliangua kilio. "Mama, dawa ilikuwa imekufa. Barafu tulitia kwa juisi. Nilidanganya."

Mama aliisukuma sahani kando. Kisha akainuka. "Fungia kuku wote. Halafu twende. Utawaambia wenyewe kwa mdomo wako."

Mlango baada ya mlango, Edinah alisema. Mzee Mathew alimtazama kwa uchungu. "Kumbe nimekuwa nikilala usingizi wa bure!"

Asubuhi mama alimpa thamosi.

"Mimi?"

"Wewe."

Edinah alikwenda na kurudi bila kusimama. Winny alimwita sokoni. "Leo hata kuku akiimba sisimami!" alijibu. Mama alipotikisa thamosi, barafu iligonga kwa sauti. Majirani walikuja tena, lakini siku hiyo hakuna aliyecheka.

Kuku wengi walinusurika. Tembe wa Kukhu hakuwahi. Alikuwa ameshapinda shingo kabla dawa haijafika.

"Si tumchinje kabla hajafa?" aliuliza Mzee Mathew.

"Hapana, mzee," alisema mama. "Manyoya yake na maji ya kumwosha ndiyo yatautembeza ugonjwa. Tutamzika."

Edinah alichimba shimo lenye kina na kumfunika tembe kwa majivu na udongo. Alisimama pale, jembe mkononi, akishindwa kumtazama nyanya yake.

"Njoo hapa," Kukhu alimwita. "Kugawa barafu ni utoto, na hata mimi niliwahi kuwa mtoto. Lakini dawa iliyokufa haina mdomo wa kutuambia. Mdomo ulikuwa wako, na ulijua. Mtoto akikosea, aseme mapema, kabla kosa halijaingia boma la jirani."

Kisha akamwekea mikononi kikapu chenye mayai ya tembe yule, yakiwa bado na joto. "Yatafutie mama mwingine wa kuyaatamia. Na vifaranga wakianguliwa, utawashika wewe siku ya chanjo."