Nitamkabidhi Ijumaa

Ijumaa za Kwaresima, nusu ya watu wa kusini mwa Milwaukee hula samaki wa kukaanga kwenye ukumbi wa chini ya kanisa, na nusu nyingine hujipanga kwenye ngazi wakisubiri meza. Katika msongamano huo ndipo Eliseo Batres alipogeuka na sahani yake kumtafuta rafiki yake, akammwagia Bernadine Kubiak saladi ya kabichi kuanzia kifuani hadi kwenye mkanda. Bernadine alikuwa amevaa sweta jeupe la sufu, tena la kuazima kwa mama yake.

Kiingereza chote kikamtoka Eliseo. Neno lililobaki kichwani lilikuwa samahani, akalirudia mpaka meza nzima ikaanza kucheka.

"Kaka, inatosha, nimesikia," Bernadine alimwambia. Akaokota kipande cha kabichi kwenye kola, akakitafuna. "Haina hata chumvi. Sasa utaninunulia sahani nyingine, au utasimama hapo kama nguzo?"

Akamnunulia. Bernadine akala ya kwake, akala na nusu ya Eliseo, na kufika kwenye keki alishajua kwamba kijana huyu ni fundi wa kuezeka mapaa, anatoka Choluteca kule Honduras, hana mke, na anaogopa theluji kuliko anavyoogopa kuanguka. Yeye naye kazi yake ilikuwa kutengeneza nywele za vikongwe kwenye nyumba ya wazee. Alikuwa mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara, midomo imekolea rangi nyekundu hata siku za kazi. Basi, mambo yakaanza hivyo, na kufikia kiangazi Eliseo alikuwa na ufunguo wa nyumba ya Bernadine.

Alimweleza habari zake zote ndani ya gari, nje ya duka la rangi. Hakuwa na karatasi za kuishi nchini. Alishawahi kukamatwa na kurudishwa kwao, akaingia tena, na akikamatwa mara ya pili hakuna hakimu atakayemsikiliza. Na huko Choluteca walikuwepo watu waliomuua kaka yake Nahún, na watu hao walikuwa bado wanamuulizia. Bernadine alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, jambo ambalo si kawaida yake. Halafu akazima sigara.

"Haya," alisema. "Kuanzia leo wewe hushiki usukani. Naendesha mimi."

Na akaendesha kweli. Alimpeleka kazini alfajiri na kumfuata jioni, na polisi wakionekana kwenye kona alikuwa akiimba kwa sauti ili Eliseo asiogope.

Siku za Jumanne Eliseo alikwenda darasa la Kiingereza kwenye maktaba. Mwalimu Haugen, mama mmoja mwembamba asiyecheka ovyo, aliwaambia kwamba vitenzi vya Kiingereza vina mikia, na ukibadilisha mkia umebadilisha habari yote. Turn ni kugeuka, lakini turn in ni mambo mengine kabisa. Mzee akilitamka baada ya chakula, anakwenda kulala. Mwanafunzi akilitamka, anakabidhi kazi yake kwa mwalimu. Na mtu mwenye kinyongo na jirani yake anaweza kumfanyia hivyohivyo, yaani kumkabidhi kwa polisi. Hapo wengi wakainamia madaftari, maana waliokuwa na karatasi mle ndani walikuwa wa kuhesabika.

Eliseo aliibeba nyumbani ile maana ya kwanza. Ikawa neno lao la ndani, na Eliseo akawa analitumia jua likiwa bado dirishani.

"Turn in, mama?"

"Wewe fundi huna adabu. Vyombo havijaoshwa."

"Vyombo havina miguu. Tutavikuta."

Mtu mmoja tu alimnyima Eliseo raha: Duane, kaka yake Bernadine. Duane alikuwa askari wa kaunti, pande la mtu, akikupa mkono unausikilizia mpaka kesho. Bernadine alisema Duane hana neno, anapiga kelele tu. Eliseo alikubali kwa mdomo, lakini kila Duane alipokuja kula, yeye alikaa karibu na mlango.

Mwezi wa kumi, mvua iliwafukuza mafundi juu ya paa mapema. Eliseo alipata lifti, akanunua mkate, akaingia kwa Bernadine bila kubisha hodi. Bernadine alikuwa jikoni amempa mgongo, simu ameibana begani, anapaka kucha rangi.

"Ijumaa asubuhi, Duane, na uje na lile gari kubwa," alikuwa akisema. "Hapana, hajui kitu. Na usithubutu kumwambia, nataka nimwone uso wake." Akacheka kile kicheko chake cha kifuani. "Ndiyo, nitamkabidhi Ijumaa hiyohiyo."

Turn him in. Ndivyo Eliseo alivyosikia, waziwazi kabisa.

Aliuweka mkate kwenye rafu ya viatu ili mikono iwe huru kufungua mlango taratibu. Hakupitia hata chumba alichopanga kuchukua nguo. Rafiki yake mmoja alikuwa anaondoka jioni ile kwenda kiwanda cha nyama Iowa, akaingia garini mwake na viatu vyenye lami. Njiani simu iliita, ikaita, na Eliseo aliitazama tu. Ujumbe mmoja tu ndio aliousikiliza.

"Eli, nimekuta mkate kwenye rafu ya viatu. Ulikuja? Mbona hukuniita, mpenzi? Nipigie."

Akaona anabembelezwa arudi mtegoni. Walipovuka mto Mississippi akaitoa laini na kuitupa dirishani.

Kule Iowa alikata mabega ya nguruwe mpaka katikati ya majira ya baridi, na alimchukia Bernadine kwa bidii. Chuki ile ndiyo iliyomwamsha asubuhi na kumlaza usiku. Alijiambia kwamba hata ile keki ya kanisani ilikuwa ya kumpeleleza, na alijua ni upuuzi, lakini akijiambia hivyo mkono ulifanya kazi vizuri zaidi. Wakati mwingine alijisahau, akamwonea huruma kwa jinsi asivyojua kuwasha jiko bila kuunguza nyusi. Kisha akajitukana.

Asubuhi moja ya Januari maofisa wa uhamiaji walifunga milango ya kiwanda. Kizuizini walimpa simu ampigie amtakaye. Namba iliyokuwa kichwani mwake ilikuwa moja tu duniani. Alipiga akiwa ameshaandaa matusi.

"Uko wapi?" Bernadine aliuliza aliposikia anavyopumua. "Niambie uko wapi, na usikate."

Matusi yakapotea. Akamtajia mahali.

Alikuja na theluji kwenye mabega ya koti lake jeusi la kanisani. Alikuwa amekata nywele, na midomo haikuwa na rangi. Kioo kinene kiliwatenganisha, kila mmoja na mkono wake wa simu.

"Umekonda," alisema.

"Nilikusikia jikoni," Eliseo akamjibu. Alikuwa amejiapiza kusema kwa ukali, lakini sauti ilitoka nyembamba. "Siku ya mvua. Ulimwambia Duane utanikabidhi."

Bernadine akakunja uso. Alilirudia lile neno polepole, kisha harakaharaka kama asemavyo nyumbani, na Eliseo aliona uso wake ukibadilika kabla hajasema kitu.

"Sikiliza sawasawa basi," alisema. "Funguo. Nilisema nitazikabidhi funguo. Za nyumba niliyopanga, kwa mwenye nyumba. Nilikuwa nimetupatia nyumba, Eliseo, nyuma ya bustani, ina vyumba viwili na ua. Duane alikuwa aje na gari ahamishe vitanda. Nilitaka nikuingize mle ndani bila wewe kujua."

Sisi Waswahili tungepona. Kwetu mtu ni mtu na funguo ni funguo, nitamkabidhi haiwezi kugongana na nitazikabidhi hata ukiwa umelewa. Watu wa Milwaukee wao humeza maneno: him, yaani yeye, na them, yaani hizo, zikifuata nyuma ya turn haraka, hubaki mlio mmoja mfupi wa puani. Hilo Mwalimu Haugen alikuwa hajalifikia.

"Nisamehe," Eliseo alisema. "Ni hii lugha yenu. Nisamehe, mama, sikujua."

"Usiisingizie lugha. Wazee wangu kule kazini hawasikii hata nusu ya ninayosema. Huwa wananiuliza." Akasogea karibu na kioo. "Niambie kitu kimoja, na usinidanganye. Uliposikia hivyo, moyo wako ulibisha hata kidogo? Ulisema, haiwezekani, si Berna?"

Eliseo alitamani kudanganya kuliko alivyowahi kutamani kitu chochote. Lakini alimpenda, na alishamwumiza vya kutosha.

"Hapana," alisema. "Niliamini palepale."

Bernadine aliitikia kwa kichwa. Alilia bila kujificha, akajifuta kwa mkono wa koti, kisha akaiweka simu vizuri sikioni.

"Wakili anasema hakuna njia, amri yako ya zamani bado ina nguvu. Ukifika huko nipigie, nijue uko hai. Mara moja tu. Baada ya hapo usinipigie tena, Eliseo, maana nitapokea."

Walimshusha Honduras na fulana aliyokuwa nayo. Hakuthubutu kwenda Choluteca. Alijificha kwa shangazi yake Tegucigalpa, katika chumba kisicho na dirisha, na shangazi akamtafutia simu. Ile simu ilikaa kwenye godoro wiki kadhaa bila kupigwa. Maadamu hajapiga, Bernadine bado alikuwa anamsubiri, na mtu anayekusubiri bado ni wako. Huo ndio ulikuwa ujinga wake, na aliujua.

Kisha asubuhi moja redio ya jirani ilitaja miili iliyookotwa bondeni, haijatambuliwa. Akilini akamwona Bernadine akitafuta habari za Honduras kwenye simu yake, akiwatazama wafu wa watu. Akapiga.

"Ndiyo," sauti ilipokea kabla haijaita mara ya pili.

"Niko hai."

"Umekula?"

"Nimekula."

"Haya," Bernadine alisema.

Eliseo akasubiri akate. Bernadine hakukata. Yeye naye kidole hakikuweza, akabaki amelala chali gizani na ile simu sikioni, anamsikiliza anavyopumua, mpaka salio likaisha.